Paa Linalofunika Hewa

Tarehe 12 Januari

Kwako Maswali, mwanangu,

Shikamoo yako nimeitikia kabla hujaitoa, maana najua ungeitoa. Mimi mzima. Goti la kushoto lina ubishi nikikaribia ngazi, lakini tumezoeana, tukifika juu ya jukwaa la ujenzi ugomvi umekwisha. Jirani yangu fundi cherehani amepata mjukuu, mtoto ana sauti ya kuamrisha jeshi, na ukuta unaotutenganisha ni mwembamba (sikuujenga mimi). Wewe je? Kazi inakwendaje? Bado unakula umesimama? Wasalimie wote hapo kwako wanaostahili kusalimiwa. Asiyestahili anajijua.

Haya. Kaa chini kwanza. Nimepata kiwanja!

Ndiyo, mimi. Miaka thelathini na mbili nawajengea watu nyumba, sebule za mji huu nazijua kuliko wenyewe, na jioni narudi kwenye vyumba viwili vya kupanga. Basi hilo limefika mwisho. Kiwanja kina jiwe la mpaka kila kona na nimeyakanyaga yote manne. Ila kuna sharti. Ramani ya nyumba ifike ofisi ya ujenzi kabla ya tarehe thelathini Juni, na mchoro wa mkono hawautaki tena. Wanataka uliochorwa kwenye kompyuta ukachapishwa. Tarehe ikipita bila ramani, kiwanja anapewa anayefuata kwenye foleni, na foleni hiyo nimeiona kwa macho yangu, inatoka mlangoni inazunguka hadi kwenye maegesho.

Wachoraji wapo, tena wananifuata. Lakini mimi nichorewe? Fundi Timazi achorewe nyumba yake na kijana asiyejua tofali lina uzito gani? Thubutu. Nimechukua kompyuta ya karani mmoja aliyestaafu, nikaweka programu ile ile ya kuchora nyumba ambayo wewe kazini kwako unashinda kutwa ukiwajibu waliokwama nayo.

Na mimi nimekwama. Nikichora kwa kutazama kutoka juu, kila kitu kipo. Nikibonyeza picha ya kinyumba ili niione imesimama, kioo kinakuwa cheusi tii, na milango mitatu inaelea humo gizani bila kuta. Milango inaelea, Maswali! Nimezima, nimewasha, nimeipiga kofi la mgongoni. Hakuna.

Usinipigie simu. Kwenye simu unasema "bonyeza pale juu", mimi nauliza juu wapi, wewe unasema kulia, mara imekatika. Niandikie. Karatasi naiegemeza kwenye kikombe, nasoma mstari, nabonyeza, nasoma mwingine.

Shangazi yako,
Timazi


Tarehe 25 Januari

Shangazi,

Shikamoo nyingine, maana ile ya kwanza ilijitoa yenyewe. Hongera! Nimeruka hapa ofisini hadi mwenzangu wa meza ya pili akamwagikiwa na chai. Mimi mzima, na ndiyo, bado nakula nimesimama. Leo amepiga simu mzee mmoja analalamika nyumba yake haina sakafu. Tumehangaika nusu saa. Kumbe alikuwa anaitazama kutokea chini ya ardhi.

Baba yupo. Nilimsomea barua yako, akauliza kiwanja kina mteremko upande gani. Mimi natoa taarifa tu.

Sasa egemeza karatasi.

Kona ya juu, mkono wako wa kulia, kuna gurudumu lenye meno. Hapo ndipo kwenye mipangilio. Libonyeze, kisha uchague Mwonekano. Utakuta Ubora wa Picha, nami bila kuuliza najua umeuweka Juu Kabisa, kwa sababu wewe ni wewe. Ushushe hadi Wastani. Mstari wa chini yake umeandikwa Vivuli. Vizime. Funga programu, zima kompyuta, nenda kamsalimie huyo mjukuu wa jirani, rudi uwashe.

Sababu ni hii: kompyuta ya karani ilizoea kuandika barua. Kuchora kivuli cha kila ukuta ni mzigo inaoshindwa kuubeba, kwa hiyo inakata tamaa na kukuonyesha giza. Kuta zako hazijaenda popote. Kofi la mgongoni halisaidii, na tafadhali usirudie.

Na hilo la "wanaostahili". Miaka saba sasa, shangazi. Watu wawili mliozaliwa nyumba moja, kwa ajili ya ukuta mmoja. Hamchoki?

Mwanao,
Maswali


Tarehe 9 Februari

Mwanangu,

Hatujambo huku. Mvua imechelewa, saruji inakauka kabla hujaisawazisha. Goti lipo. Mjukuu wa jirani sasa amejua kucheka, kwa hiyo tunapumzika kidogo.

Kuta zimerudi! Nilipobonyeza kile kinyumba zikasimama zote, nyeupe, na mimi nikasimama nikapiga makofi peke yangu chumbani. Nimezunguka ndani mara nne.

Halafu nikaweka kitanda. Kitanda hicho kikafunika nyumba yote, kikavuka uzio, kikafika barabarani. Nikajaribu kiti. Mguu mmoja wa kiti ukafunika sebule yote na mitatu ikabaki nje. Nimechora ukuta wa mita nne, nikaandika nne kama ninavyoandika siku zote. Kompyuta hii inajua mita ni nini au haijui? Sasa nina nyumba ya chawa.

Tena kuna jingine. Maandishi yalikuwa madogo nikayakuza, yakawa mazuri, nasoma bila kukunja uso. Lakini kitufe cha kuchapisha kimetoweka. Kilikuwa chini kabisa, sasa hakipo. Bila hicho hao wa ofisini nitawapelekea nini, kompyuta yenyewe kichwani?

Umeniuliza kama sichoki. Nitakueleza mara moja, usiniulize tena. Baba yako ndiye aliyenifundisha kazi. Mwiko wa kwanza kuushika ulikuwa wake. Siku ile nilikuwa namaliza ukuta wa mashariki wa nyumba ya mwalimu mkuu, kazi yangu kubwa ya kwanza bila yeye baada ya miaka ishirini na mitano chini yake. Akaja bila kuitwa. Akaning'iniza kamba yake yenye uzito, akatazama, akasema ukuta umepinda. Akasema mbele ya mwalimu mkuu. Mbele ya vibarua wangu kumi na mmoja. Sijafungua mdomo, amechukua nyundo, ameubomoa hadi kiunoni. Vibarua wananitazama mimi. Niliokota mwiko wangu nikaondoka, na tangu siku hiyo sijasema naye.

Ukuta ulikuwa umenyooka. Siku atakayokuja mwenyewe akatamka kwamba ulikuwa umenyooka, siku hiyo nitakuwa na kaka. Kabla ya hapo sina, na nyumba naijenga bila ushauri wa mtu. Mteremko uko upande wa kaskazini, lakini hilo halimhusu.

Timazi


Tarehe 20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka kitanda hadi nikatoka nje ya ofisi. Sisi hatujambo, baba anaendelea.

Gurudumu lenye meno tena. Chagua Vipimo. Utakuta milimita; weka mita. Ulipoandika nne, ilikupa milimita nne, na kwa haki yake ilitii amri. Ukishabadili, zile kuta hazitakua zenyewe, kwa hiyo bonyeza kila moja na uiandikie nne upya. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kitufe cha kuchapisha kipo, kimesukumwa nje ya kioo. Ulikuza maandishi ya kompyuta nzima, na programu ikakosa nafasi. Rudisha ya kompyuta yawe kama mwanzo, halafu ndani ya programu yenyewe, pale kwenye Mwonekano, kuna Ukubwa wa Maandishi. Kuza hapo. Utasoma vizuri na kitufe utakiona. Au ununue miwani, lakini hilo sijasema.

Ya ukuta nimeyasoma. Sitauliza tena. Ila mteremko wa kaskazini nimemwambia, akasema basi maji ya jikoni yatokee huko. Nilikuwa napita tu.

Maswali


Tarehe 28 Machi

Mwanangu,

Nimechelewa kukujibu, nilikuwa kwenye zege la ghala wiki tatu, mikono imekuwa kama msasa. Goti limenuna. Mjukuu wa jirani amejua kujigeuza kitandani.

Nyumba sasa ni nyumba. Sebule mita tano kwa nne, jiko, chumba changu, chumba cha wageni ambacho ni chako ukikumbuka njia. Kila chumba nimekiandika jina lake. Maji ya jikoni yametokea kaskazini kwa sababu nilikuwa nimeshaamua hivyo kabla mtu hajasema. Miwani sijanunua.

Tatizo ni paa. Niliiambia programu ifunike nyumba. Imefunika nyumba, halafu imeendelea upande wa mashariki mita tatu na nusu, inafunika hewa. Hakuna kitu chini yake, majani tu. Nimelifuta mara sita. Nikiliweka, linatokeza pale pale. Nikichapisha, karatasi inaacha uwazi mkubwa upande huo na nyumba yote inasogea kushoto. Karani wa ofisi ya ujenzi nimemwonyesha, akaniuliza, "Mama, hapa unaegesha nini?" Nikaikunja ramani nikaondoka bila kuaga.

Mwisho wa korido pana mlango unaofungukia nje, kwenye uwazi huo huo. Mlango niachie, nina sababu zangu. Nirekebishie paa tu. Na usiniombe faili. Nieleze kwa maneno kama siku zote, nitalifanya mwenyewe.

Halafu umeandika "baba anaendelea". Anaendelea na nini? Mtu mzima haendelei, mtu mzima yupo. Siulizi kwa sababu najali, nauliza kwa sababu sentensi haijakaa sawa.

Timazi


Tarehe 8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na pole na goti.

Nimesoma barua yako mara tatu nikaweka kalamu chini mara tatu. Kwa maneno siwezi. Paa la programu hii halina akili yake, linafuata kuta. Likitokeza, kuna kuta chini yake. Wewe unasema hakuna. Mmoja kati yako na paa anakosea, na paa halijui kudanganya.

Weka faili kwenye flashi, funga kwenye bahasha, niletee. Zimebaki wiki kumi na mbili, usijali, wiki kumi na mbili ni nyingi. Kazi hii naijua kama unavyojua matofali.

Swali lako lile nitalijibu, si leo.

Maswali


Tarehe 6 Mei

Maswali,

Hatujambo. Flashi hii hapa.

Nimekaa nayo mwezi mzima kwenye droo. Nimejaribu kila kitu peke yangu, hata nimeipunguza nyumba ikabaki sebule tu, na paa bado linatokeza. Karani ameniambia ramani yenye paa la namna hiyo hataipokea, iwe tarehe thelathini au siku ya kiyama. Siwezi kupoteza kiwanja kwa ajili ya kiburi.

Fungua, rekebisha paa, funga. Usipekue.

Timazi


Tarehe 15 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Flashi imefika salama. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na kompyuta uizime kwanza.

Nimepekua. Ndiyo kazi yangu.

Kushoto mwa kioo kuna orodha ya kila ulichochora, na kando ya kila jina kuna alama ya jicho. Jicho likiwa wazi, kitu kinaonekana. Ukilibonyeza linafumba na kitu kinafichwa. Watu wengi hudhani wamekifuta. Hawajakifuta, shangazi. Kiko pale pale kilipokuwa, kina kuta zake zote, na paa linakijua.

Kwenye nyumba yako jicho moja lilikuwa limefumba. Nikalifungua. Kikatokea chumba mwisho wa korido, mita tatu na nusu kwa nne, kina dirisha la mashariki, choo chake pembeni, na hata rafu ya vifaa vya kazi umeweka. Jina lake umeandika "Kaka".

Orodha inakwenda kwa jinsi ulivyochora. Sebule ni namba tatu. Jiko namba nne. Chumba chako wewe ni namba mbili. Kaka ni namba moja.

Nimelia mbele ya wenzangu wote, simu inaita na mimi sipokei.

Sasa nakujibu kama mteja, kisha kama shangazi. Kama mteja: una njia mbili. Ukifute chumba kabisa, kwa kukichagua na kubonyeza pipa la taka, halafu uzibe ule mlango wa korido. Paa litarudi lenyewe. Au ulifungue jicho, chumba kionekane, na karani ataona paa lina kazi. Kwa njia zote mbili ramani itapokelewa. Kukificha ndiyo njia pekee isiyofanya kazi. Sijagusa kitu. Nimelifumba lile jicho kama nilivyolikuta, na flashi nimeirudisha humu. Baba sijamwonyesha wala sijamwambia.

Kama shangazi: uliuliza baba anaendelea na nini. Alinilisha kiapo nisikuandikie, na leo nimekivunja kwa sababu siwezi kujua siri yako na kukuficha ya kwake. Mwaka jana mwezi wa Agosti alipata kiharusi. Ulimi uko sawa, akili iko sawa, ubishi umeongezeka. Mkono wa kulia ndio haunyanyuki, na mguu wa upande huo anauburuta, anatembea kwa fimbo. Ndiyo maana alihamia kwangu, hakuja kubadilisha hewa kama tulivyokuambia. Mimi nakaa ghorofa ya nne na lifti hakuna. Tangu Desemba hajashuka chini. Mtu aliyeshinda juani maisha yake yote, sasa anashinda kwenye kiti dirishani akihesabu makosa ya jengo linalojengwa ng'ambo ya barabara. Aliponilisha kiapo alisema, "Asije akanihurumia. Heri anichukie."

Nimesema. Nigombeze ukitaka.

Mwanao,
Maswali


Tarehe 11 Juni

Wewe mtoto,

Salamu nitatoa mwisho, sasa hivi sina.

Agosti! Miezi tisa mnanifanya mjinga! Nimekaa hapa nasema "asiyestahili" na mtu hanyanyui mkono? Ule mkono? Siku tatu sikwenda kazini. Fundi cherehani alikuja kunitazama akadhani nimefiwa. Nimekukasirikia wewe, nimemkasirikia yeye, nimeikasirikia hata kompyuta, nayo safari hii haikuwa na kosa. Halafu nilipomaliza kuwakasirikia wote, nikabaki mimi.

Sasa nenda kamsomee haya. Kwa sauti, mstari kwa mstari, na usiruke.

Kaka. Ukuta ulikuwa umepinda. Nilijua. Nilijua tangu mstari wa tano wa matofali, na nikaendelea kupanda, kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa anataka kuhamia wiki ile na mimi nilitaka asikie kwamba nimemaliza kwa wakati. Nilijiambia lipu itaficha. Wewe ulikuja ukaona kwa dakika moja. Miaka saba nimesema ulinyooka, hadi vibarua wakaamini, hadi mimi mwenyewe siku nyingine nikaamini. Kubomolewa hakukuniuma. Kilichoniuma ni kubomolewa na wewe, mbele ya watu wangu, siku niliyotaka unisifu. Hilo bado linauma, silifichi. Lakini ukuta ulipinda.

Chumba nilikichora siku ya kwanza kabisa nilipowasha kompyuta. Sikukaa kufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Kisha nikaona aibu nikakificha, na kila nilipotaka kukifuta nikaona bado mapema.

Jicho nimelifungua. Tena nimekibadilisha. Kizingiti nimekiondoa, sakafu inakwenda sawa kutoka barazani hadi kitandani, hakuna ngazi hata moja. Mlango ulikuwa sentimita themanini, sasa ni tisini, na nimeugeuza ufungukie kwenye korido usikubane ndani. Chooni nimeweka chuma cha kushikilia. Dirisha nimelishusha, ukikaa kwenye kiti uone nje bila kunyoosha shingo. Paa limekaa, halifuniki hewa tena. Karani ametazama akasema hii ni ramani ya mtu anayejua kazi. Nikamwambia nimefundishwa.

Nimechapisha nakala mbili. Moja ni ya ofisi, moja iko humu kwenye bahasha.

Tarehe 28 napeleka. Kama una neno, kaka, lifike kabla ya siku hiyo. Ukinyamaza nitajua, na nitakifuta chumba, kukifuta kweli, na kuuziba mlango. Sitaweza kuzeeka kwenye nyumba yenye chumba kitupu mwisho wa korido.

Maswali, kiapo ulichovunja ulifanya vizuri. Salamu kwako. Salamu kwenu wote wawili.

Timazi


Tarehe 19 Juni

Mdogo wangu,

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, usiucheke. Mtoto alitaka kuniandikia nikamkatalia. Nimeanza jana asubuhi, leo mchana ndiyo nafika hapa.

Barua yako amenisomea mara mbili. Ya pili niliiomba mimi.

Ukuta ulipinda, ndiyo. Ulipinda sentimita mbili. Ningeweza kukuita pembeni tukaurekebisha wawili bila mtu kujua, ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyopaswa. Lakini nilipokuwa nakuja nilimsikia kibarua wako mmoja akisema mwanafunzi amempita mwalimu. Nilitazama kazi yako nyingine yote pale, nikaona ni kweli. Ndipo nikatafuta kosa, nikalipata, nikafurahi kulipata. Nyundo ile niliichukua kwa wivu. Umri wangu wote nimebomoa kuta nyingi, ni huo tu nilioubomoa kwa ubaya. Nisamehe.

Ramani yako naiona hapa mbele yangu. Nimeishikilia kwa kikombe. Ni nzuri. Nimetafuta kosa siku nzima.

Nimepata moja. Mlango wa chumba changu umekosea kuugeuza. Ukifungukia kwenye korido itabidi niuvute, na mkono mmoja nilio nao ndio ulioshika fimbo. Ufungukie ndani, niusukume kwa bega. Kutoka hakuna shida, nikishaingia nitauacha wazi, nikusikie unavyogombana na hiyo kompyuta.

Rekebisha kabla ya tarehe 28.

Kaka yako